Bastola ya Wilma Stamper

Anayedhani kuuza bunduki ni kazi ya wanaume hajawahi kufika dukani kwa Estill. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kaunta ile, mimi Oleta Sizemore, na magoti haya mabovu, na sijaona mwanaume hata mmoja aliyeingia akasema, "Dada, naogopa, niuzie bastola." Thubutu! Atakwambia anataka ya kulenga shabaha. Atakwambia anakusanya za zamani. Mwanamke yeye husema kweli, ila husema nusu.

Wilma Stamper alisema nusu.

Aliingia mwezi wa tatu, siku ya mvua, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Hakuna asiyemjua. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi pale chini darajani, mjane wa Clell Stamper aliyekufa kwa vumbi la makaa ya mawe, na nusu ya watu wazima wa bonde letu wamekuzwa na maharage yake na mkate wake wa mahindi. Alisimama mbele ya kabati la kioo, mkoba kaukumbatia, akasema kama mtu aliyeyakariri maneno njiani:

"Nataka bastola. Ya bei nafuu. Ya kujilinda nyumbani, na siku moja moja nikalenge shabaha."

Estill, mwenye duka, akajinyanyua kwenye kiti chake, tumbo likitangulia. "Karibu, mama! Umefika penyewe." Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu akashusha kibastola kidogo chenye mpini wa rangi ya waridi. "Hii ndiyo bastola ya kina mama. Nyepesi, inaingia kwenye mkoba, na bei yake haiumi."

Nisikilizeni vizuri, maana kosa hili linafanywa kwenye kila kaunta ya bunduki Kentucky nzima. Mwanamke akiingia, wanaume humtafutia kidogo na chepesi, kana kwamba wanamchagulia saa ya mkononi. Na bastola kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyorusha teke. Na ile ndogo ya magazini, springi yake ni ngumu kama roho ya mkwe. Bila mkono mzima huwezi kuikoki. Wilma alijaribu. Akavuta, uso ukamkunjamana, akairudisha kwenye kioo polepole.

"Estill, kaa chini," nikasema. "Hata kuikoki hawezi. Unamuuzia pambo?"

"Mimi nimeanza kuuza bunduki wewe hujaota meno, Oleta."

"Na ya kwako yako wapi sasa?"

Wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa ya bure pembeni wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Wilma hakucheka. Nikamsogelea.

"Dada Wilma, niambie. Utapiga kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka jikoni mpaka mlango wa nyuma."

"Ni mbali?"

"Hatua nne."

Alikuwa ameshazihesabu. Na alisema mlango wa nyuma. Sasa kwetu mlango wa mbele ni wa mhubiri na watu wa bima. Mwizi asiyekujua atavunja dirisha. Anayeingia kwa mlango wa nyuma ni ndugu. Nikaitazama ile bandeji, nikajua yote. Lakini kwenye kaunta ile tunauliza umbali tu. Jina la mtu hatuulizi.

Nikamtolea rivolva iliyotumika, bastola ya gurudumu, risasi sita, chuma kizito kilichowahi kuwa cha askari magereza mstaafu. Mpini wake wa mbao ulikuwa na ufa. Haikokwi, unavuta kifyatulio, basi. Uzito wake unameza teke, na risasi zake za mazoezi ni za bei rahisi. Wilma akaishika kwa mikono miwili, akanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza mabega yake yakashuka.

Estill alitaka dola mia mbili themanini. Nikamtolea macho, akakubali mia mbili arobaini. Wilma akajaza fomu kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande, nami nikapiga simu serikalini kuulizia kama ana rekodi ya uhalifu. Rekodi ya Wilma Stamper! Mwanamke ambaye hajawahi hata kuchelewesha kitabu cha maktaba. Baada ya dakika saba wakasema auziwe.

Huyo ndugu wa mlango wa nyuma alikuwa Rondal, mwanawe wa pekee. Kikulacho ki nguoni mwako. Rondal alikuwa mtoto mzuri, nasema hivyo na nitasema mpaka kesho. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, gogo likamvunja mgongo akiwa na miaka ishirini na mbili, daktari akampa vidonge. Vidonge vilipokatwa, akahamia kwenye unga wa kulevya. Bunduki za kuwindia za marehemu baba yake aliziuza moja baada ya moja. Akavunja nyumba ya mtu, akafungwa miaka miwili, na tangu atoke sheria haimruhusu kushika bunduki wala risasi. Mwezi ule wa tatu alikuja kwa mama yake na arosto, mwili ukimdai unga, mama akaung'ang'ania mkoba, Rondal akamsukuma. Wilma akaangukia mkono.

Yote haya alikuja kuniambia baadaye. Kwanza tulilenga shabaha.

Kila Jumamosi nilikuwa namchukua kwenye gari langu tunapanda kwenye machimbo ya zamani, pale kampuni ilipokata kichwa cha mlima ikaondoka. Kuna ukuta wa udongo, meza ya mbao, na fremu ya kubandikia karatasi. Nilimfundisha kusimama, kupumua, kuvuta kifyatulio bila kukishtua. Alikuwa mwanafunzi hodari. Kufikia mwezi wa tano, katika sita zake, nne zilikuwa zikiingia kwenye duara nililoweza kulifunika kwa kiganja. Na alianza kufurahi, jamani. Alikuwa akileta mikate midogo yenye nyama ya nguruwe, tunakula tumekaa nyuma ya gari, ananiambia habari za watoto wa shule wanaoficha karoti mifukoni. Nilikuwa sijapata shoga tangu dada yangu afariki.

Kulikuwa na jambo moja tu. Hakutaka karatasi yenye umbo la mtu.

"Nipe ya duara," alikuwa akisema.

"Mwizi hana duara kifuani, Wilma."

"Oleta, nipe ya duara au nirudi nyumbani nikapike."

Mimi nina ubishi, mama yangu alinizaa nao. Siku moja mwezi wa sita nikaibandika ile ya mtu, kichwa na mabega na kifua, nikamwambia hapa hakuna nyingine, nimezisahau. Uongo mtupu, zilikuwa chini ya kiti. Akajaza gurudumu, risasi moja moja. Kisha akapiga sita bila kupumzika. Tano zikaingia kifuani, zimekaribiana kabisa.

Nikapiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi.

Wilma akafungua gurudumu, akamwaga maganda, akaiweka bastola mezani mdomo ukielekea mlimani, kama nilivyomfundisha. Halafu akaenda nyuma ya gari akatapika.

"Ni Rondal," alisema, akijifuta kwa mkono wa shati lake.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia hatua nne."

Akakaa chini kwenye changarawe. "Anakuja akiwa na hali ile, macho siyo yake. Mara iliyopita alishika kisu cha mkate. Hakunifanya kitu, alikishika tu. Nifanye nini, Oleta?"

Na mimi nikamjibu nini? Nikamjibu neno la kaunta, lile ninalompa kila mteja pamoja na risiti. Nikamwambia, "Usiitoe mpaka umeshaamua. Ukiitoa, mambo ya kufikiri yamekwisha." Mama wa mtu ananiuliza habari ya mwanawe, mimi namjibu hivyo! Nikikumbuka nataka kujipiga makofi ya uso.

Kuna neno hatukulitaja siku ile, na neno lenyewe ni sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Kwetu mtoto wa jirani haitiwi sherifu. Utamfukuza na fimbo, utamnunia baba yake miaka ishirini, utampitia njiani kama hujamwona, lakini simu hupigi. Bi Hoskins wa kule juu alimpigia sherifu simu kumshtaki mpwa wake aliyekuwa akimuibia, na mpaka anakufa alikaa kanisani kwenye benchi peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilikwepa benchi lile. Tumelelewa hivyo, na tunajiona watu wema.

Ikafika mwezi wa kumi na moja, siku ya kwanza ya kuwinda paa kwa bunduki. Asubuhi duka lilijaa wanaume wanaotaka risasi na fulana za rangi ya chungwa. Saa nane mchana lilikuwa tupu, Estill naye yuko msituni. Mlango ukalia, akaingia Rondal.

Alikuwa amevaa koti la baba yake, likimning'inia. Baridi ilikuwa kali, lakini yeye jasho lilikuwa likimtoka puani. Akaweka juu ya kaunta kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha vyombo.

"Shikamoo, anti Oleta."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Fungua."

Nikafungua, nikauona ule ufa kwenye mpini. Nikasema moyoni, amemuua. Amemuua mama yake, amekuja kuniuzia mimi.

"Mama yako yuko wapi, Rondal?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anapika. Kwani mama anafanyaga nini? Anti, we polisi? Nipe hamsini tu, niende zangu."

Nikafungua gurudumu. Risasi zote sita zilikuwemo, hakuna iliyopigwa. Nikaunusa mdomo wa bastola; ulinuka mafuta niliyoipaka mwenyewe Jumamosi. Wilma alikuwa hajapigwa risasi. Nikamtazama mikononi, hakuna damu, kucha zake tu alizozitafuna. Mungu wangu, nikapumua.

Na simu ilikuwa hapo, kiwiko changu kikiigusa. Ofisi ya sherifu ni nyuma ya mahakama, dakika nne kwa gari. Mfungwa wa zamani amesimama mbele yangu na bastola iliyojaa risasi. Wangemchukua bila hata kunihoji. Nilikuwa natakiwa kusema maneno mawili tu.

Lakini huyu ndiye aliyenisomea mistari ya Zaburi shule ya Jumapili akiwa mdogo, hana meno ya mbele. Nikamwona Wilma akipita kwenye maduka, watu wakimwambia, Oleta yule shoga yako ndiye aliyekufungia mwanao. Nikaliona benchi la Bi Hoskins. Basi nikafanya nilichoona ni cha haraka na cha busara. Nikatoa risasi, nikaifungia bastola kwenye kasha la chuma, ufunguo nikautia mfukoni. Hatari imekwisha. Mimi ni mtu wa bunduki, nilikuwa naiona bunduki tu.

Kitabuni nisingeweza kumwandika, kwa hiyo nikafungua pochi yangu. Nikamhesabia mia na themanini.

Akazitazama. "Anti, mimi nimeomba hamsini."

"Bastola ya mama yako siyo ya hamsini. Chukua. Lakini wiki hii nyumbani kwake usikanyage. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, anti."

Machozi yalimlengalenga. Akaniambia asante, akakikunja kile kitambaa cha vyombo vizuri akakiacha kwenye kaunta, akatoka. Nilijiona nimefanya la maana. Nilijua teja akiwa na hela haendi kugombana na mtu, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimemnunulia Wilma wiki nzima ya kulala usingizi. Nikafunga duka mapema, nikaendesha gari kumpelekea habari njema.

Wilma alikuwa amesimama barazani kabla sijazima gari. Alikuwa amevaa koti, na mkononi ameshika mfuko wa nguo. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama kiti cha abiria garini, kisha barabara nyuma yangu.

"Wamempeleka jela ya hapa," akaniuliza, "au ya kaunti ya pili?"

"Nani?"

"Nimemfungashia soksi na fulana nzito. Jela za siku hizi wanaruhusu soksi? Jumapili naweza kumwona?"

"Wilma, unasema nini?"

Ndipo akanitazama. "Si alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Na bastola?"

"Na bastola. Ninayo, nimeifungia."

"Na sherifu?"

Nikamwonyesha ufunguo wa kasha. Wilma akakaa kwenye ngazi taratibu, mfuko ukiwa magotini.

"Nilimpa mwenyewe," alisema. "Aliingia asubuhi kwa mlango wa nyuma, anatetemeka, na mkono wangu ulishaingia chini ya aproni. Nilishaitoa, Oleta. Kifua chake nilikiona kama ile karatasi yako. Kidole kilikuwa pale pale ulipokifundisha. Akasema, 'Mama?' Basi. Nikaigeuza, nikampa, nikamwambia kauze kwa Oleta, Oleta atakupa bei nzuri. Nilijua ukiiona tu utapiga simu. Mimi siwezi kumwitia mwanangu sherifu. Nilijaribu mara tatu, nikakata. Nikasema Oleta ana moyo mgumu, Oleta ataweza."

Moyo mgumu! Mimi!

"Ulimpa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipigia kelele, angenirushia ule mfuko. Aliinuka tu akaingia kwenye gari langu. Tulizunguka bonde lote. Tulienda kwenye kituo cha mafuta, kwenye zile nyumba za magurudumu kule mtoni, kwa kila mtu aliyejulikana kuuza na kila aliyejulikana kununua. Wengine walitufungia mlango. Mmoja alisema amemwona akiwa na furaha, ana hela. Ndipo tukampigia sherifu, wote wawili, tukipokezana simu, bila haya wala nini. Akasema atawaambia vijana wake waangalie.

Walimwona asubuhi saa moja, kwenye banda la pikiniki nyuma ya kanisa, amekaa kwenye benchi kaegemea nguzo. Tangu atoke jela alikuwa akipata vipimo vidogo vya hela ya kuokoteza, na mwili uliozoea kidogo hauwezi tena kile kipimo cha zamani. Kwa hamsini asingepata cha kumuua. Hilo aliniambia daktari wa maiti, mtu mpole, bila kujua anamwambia nani.

Siku ya mazishi walikuja watu wengi, wale wale waliokulia maharage ya Wilma. Kila mmoja alinong'ona kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha akaenda kumkumbatia. Na Estill, kaburini kabisa, akaniinamia sikioni: "Tushukuru, hakufa kwa bastola ya duka letu." Nilimwambia afunge domo lake au nitamzika na Rondal. Watu wakageuka. Sikujali.

Wiki tatu nilishindwa kumfuata Wilma. Ya nne nikaenda jikoni shuleni, saa nne asubuhi. Alikuwa akikoroga sufuria kubwa, nywele ndani ya neti, kifundo kimepona. Hakushangaa kuniona.

"Umekuja kuomba msamaha," alisema.

"Ndiyo."

Akaendelea kukoroga. Mtoto fulani alikuwa akilia huko darasani, mwalimu akimbembeleza.

"Ungepiga ile simu," Wilma alisema, "ningekuchukia. Usije ukajidanganya kwamba ningekushukuru. Ningekuchukia maisha yangu yote, Oleta, ningekupita njiani kama mbwa. Mlimani nisingekanyaga tena na wewe."

"Najua."

"Ningekuchukia, na yeye angekuwa hai, anakula maharage mabaya ya jela, ananiandikia barua kulalamika hayana chumvi."

Kengele ikalia na watoto wakaanza kujipanga mlangoni na sahani zao. Wilma akachukua upawa, akaniambia nisogee, nimesimama mahali pa kupakulia.